Mutobe wa Kwanza

Hakorimana alikuwa amepiga magoti mbele ya hori la mti, akikanda ndizi mbivu kwa nyasi, Thacienne aliporudi tena na kibuyu chake. Hakumfukuza. Alikinga maji ya ndizi yaliyochuruzika vidoleni mwake, yale ya mwanzo ambayo hayajaongezwa kitu, mutobe wenyewe, akampa bintiye wa miaka tisa. Mtoto alikunywa bila kupumua, akafuta mdomo, akaomba tena.

Mwaka ule wa 1969 mafua yaliyokuwa yakizunguka dunia yalikuwa yamepanda hadi milima ya Masisi. Kanisani watu walikohoa kuliko walivyoimba. Mkewe, Verdiane, alikuwa bado kitandani, lakini Thacienne homa ilikuwa imemwacha. Kilichobaki ni kiu. Na kwao kiu baada ya homa ni habari njema: anayekunywa sana anaisukuma homa itoke kwa mkojo. Kwa hiyo binti mkubwa vile alipoanza kulowanisha mkeka, hakuna aliyemcheka. Alipokonda, walisema mafua yamemla kama yalivyowala wote. Pumzi yake ilinukia ndizi iliyoiva kupita kiasi, lakini katika nyumba ya mkamuaji hata mbuzi ananukia hivyo.

Kuuliza, Hakorimana alikuwa ameuliza. Kule disipanseri walifunga kamba mlangoni, na mlinzi akawaambia waliokuja kwamba mwenye gripi, mafua yale, abaki kwake, alale, anywe sana. Kwa kunywa, hapo hakuwa na shida. Alirudi nyumbani moyo mwepesi, akafukua hata zile ndizi alizozifukia ziive kwa ajili ya harusi ya jirani.

Asubuhi moja mtoto hakuja na kibuyu. Alikuwa amelala, akivuta pumzi ndefu na nzito kama mtu anayepanda mlima, na hakohoi hata kidogo. Hapo hofu ilimshika Hakorimana. Mgonjwa kwao hubebwa na wanaume wanne kwenye machela ya mianzi, lakini wanaume wa kilima kile walikuwa wamelala na homa. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge cha Verdiane, jinsi wanawake wafanyavyo, akashuka hadi disipanseri.

Kanyamibwa, muuguzi, alitoka ili amrudishe nyumbani kama wengine. Aliinama juu ya mtoto, akasita.

"Papa, umetoka kukamua?"

"Hapana, muganga. Leo sikugusa ndizi."

Kanyamibwa alinusa shati la baba, kisha mdomo wa mtoto. Akafungua kamba.

Ndani alichemsha mkojo wa Thacienne pamoja na dawa ya buluu katika kichupa. Buluu ilipotea, ikaja rangi ya tofali. Aliendelea kukitazama hata baada ya kujua.

"Hii haiko gripi," alisema. "Iko maladi ya sukari. Sukari imejaa mu damu yake. Ulikuwa unamupa nini?"

"Mutobe." Hakorimana alitazama mikono yake. "Mulisema anywe sana."

Muuguzi alimtundikia mtoto maji ya chumvi, akamweleza baba taratibu kwamba dawa ya ugonjwa huo iko Goma, na kwamba ujumbe umetumwa kwa fonii, redio ya misheni. Jibu lilichelewa. Lilipokuja, lilisema dawa ipo, ila madereva wanaumwa. Alasiri likaja jingine: amepatikana mtu, ametoka, kama barabara ya Sake inapitika.

"Na kama haifike?"

"Endelea kumulowanisha midomo, Papa."

Thacienne alifumbua macho. "Papa, niko na kiu. Nipe ya kwako."

Tangu azaliwe hakuwahi kumnyima kitu. Alichovya pamba ndani ya maji, akampa. Mtoto aliinyonya, akaona ni maji matupu, akageuzia uso ukutani. Hakorimana alilia palepale, hakujificha.

Bondeni ikasikika injini. Waliokuwa wakisubiri nje walinyamaza, hata waliokuwa wakikohoa. Sauti ilifichwa na kilima, ikatokea, ikafichwa tena, na hakuna aliyeweza kusema kama gari linapanda au linashuka. Hakorimana aliweka kiganja kifuani mwa mtoto, akasikiliza.