Mara ya Pili

...na mara ya kwanza imekuwa nyepesi, nimeona kwa macho yangu, mama mkwe kapiga magoti kwenye mkeka, kaipandisha ile sanamu ya Buddha ya jiwe, inayoulizwa kwa kuinuliwa, hadi juu ya kichwa bila hata kuguna, maana aliomba hivi, kama mwanangu Somphou yu hai, iwe nyepesi, sasa imebaki mara ya pili, ya kuhakikisha, na mara ya pili mtu huomba kinyume, kama yu hai iwe nzito, igome, na mimi Vilayphone, mke wa huyo Somphou, nimepiga magoti nyuma yake, moshi wa ubani unanichoma macho, na moyoni naomba inyanyuke, inyanyuke kama kapu tupu, nisamehewe, ndiyo, nataka mume wangu awe amekufa... nimelisema, limetoka, tena mbele ya sanamu zote hizi zilizojaa pangoni, nyingine hazina pua, nyingine zimevunjika mikono, zililetwa humu kwa sababu cha kuabudiwa hakitupwi hata kikichakaa, na mtu je, mtu aliyechakaa anawekwa wapi... kule chini ngazini Khamphet, kijana anayetuongoza leo, anatuita kwa kipaza sauti, anasema Buddha hana haraka, akina mama, lakini mwenye boti ana njaa, na wenzetu wafuma nguo wanacheka, wao wamekuja kutembea, asubuhi hekaluni walipiga picha na kugombania kivuli, mama mkwe hakutazama kitu, hata mahubiri hakuyasikiliza, yeye kaja kwa ajili ya jiwe hili tu, na mto Mekong wote tulioupanda kwa boti hakuzungumza nami ila kuniuliza kama nimekula... Somphou alivuka kwenda Thailand kuvua samaki, mwanzo alipiga simu kila mwezi mpevu, baadaye akipenda, baadaye namba ikafa, huyu akaja akasema boti yake ilizama, yule akaapa kamwona bandarini kabeba mtoto mgongoni, na mama mkwe hakumwamini yeyote, kila jioni anamfunikia wali wa kunata kwenye kikapu chake, asubuhi tunaula sisi, umekauka, nautafuna wali wa mtu ambaye sijui nimwite mume au marehemu... halafu Sengchanh, fundi wa mashine za boti, mwaka mpya watu wote wanarushiana maji kwa ndoo wanapiga kelele, yeye alinimwagia begani taratibu kwa kibakuli, akaniambia atasubiri lakini hataki kuzeeka akisubiri, nami nikamjibu nipe muda mpaka mama mkwe aliulize jiwe, kana kwamba jiwe ndilo litakaloolewa... sasa mama mkwe kageuka, kwa nini kageuka, mara ya pili bado...

"Mikono yangu imeisha nguvu, mwanangu. Inua wewe."

Namwambia swali ni lake, yeye ndiye mama.

"Ni lako zaidi. Ukiniambia amekufa, tukirudi tutawaita watawa wamsomee, nami nitaacha kumwekea wali." Anapangusa jiwe kwa ncha ya shali yake. "Sengchanh ana adabu. Nimemtazama."

...kumbe anajua, anajua tangu lini, uso unaniwaka, naye amenipisha mkekani, kakaa pembeni kafumba macho ili asione mikono yangu, mama huyu, ananipa mwanawe nimzike nikitaka, na jiwe ni dogo, mimi ninayebeba ndoo kutoka mtoni kila siku, nitalipandisha bila shida, au nitajifanya nimeshindwa, nigune, nitoe jasho la uongo, lolote nitakaloleta ataliamini, viganja vyangu viko chini yake sasa, ni baridi, na nikilipandisha Somphou amekufa, ameuawa na nani, na mikono hii, mbele ya aliyemzaa, na huko aliko labda anakula, labda anamkanya mtoto, hana habari kwamba amefariki pangoni... mbona nilitaka afe, hakunipiga, hakunitukana, nilitaka afe ili pasiwe na mtu wa kusema Vilayphone alimwacha mume, nimekaa miaka hii yote namngojea maiti anifungulie mlango nami mlango ninao, ninayeondoka ni mimi, kwa miguu yangu, na kwa hilo yeye hana haja ya kufa, awe hai, awe popote, na mama amfunikie wali akitaka, na niwe nakuja kuula naye asubuhi hata nikiwa kwa mwingine, kama atanipokea, na hilo ndilo ninaloliogopa kweli, kwamba asinipokee... Khamphet anaita tena, mama mkwe bado kafumba macho, ananisubiri nimwambie jiwe limesemaje, na jiwe halijasema kitu, sijaliinua, itabidi niseme mimi.