Shule ya Mke Mwenzangu

"Na huyu akianza shule, utaongea na nani?"

Jirani yangu fundi cherehani aliniuliza hivyo siku moja, kasimama mlangoni na futi shingoni, akimwangalia mjukuu wangu anavyonyunyiza maji kwenye mashati ya watu. Nikamjibu nitaongea na Mungu, kama nilivyokuwa nikiongea naye kabla mtoto hajaja. Akasema Mungu anasikiliza, sawa, ila hajibu utani. Nikamwambia aache kukufuru, anipe hilo gauni nilipige pasi aende zake. Akaenda zake. Swali lake halikwenda.

Mtoto mwenyewe ni wa binti yangu, na binti sina mwingine. Nilipotoka eda ya mume wangu, binti yangu alikuja kunitazama akakuta napika cha watu wawili, kisha nakaa nakiangalia mpaka kinapoa. Yeye ni muuguzi, kazi yake iko mji mwingine, na wakati ule alikuwa wa zamu za usiku. Akaniletea mwanawe, hata maneno hajayashika vizuri, akasema, "Mama, huyu atakupoza." Na wallahi alinipoza. Nikamwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kike. Wengine huitikia utani huo kwa kucheka. Wangu aliushika kama kazi.

Mimi nafua na kupiga pasi nguo za watu. Chumba cha mbele kina meza ndefu niliyoitandika blanketi kuukuu na shuka juu yake, na pasi yangu ya mkaa inakaa kwenye kipande cha tofali. Mke mwenzangu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinyunyiza kwa ncha za vidole, kisha anaviringisha shati lipate kulainika. Mimi naanza na kola, ncha kwanza, halafu nakuja kati. Mikono ikienda, na midomo inakwenda: nani kafiwa, nani kaposwa, magoti yanasemaje leo. Nikiketi nikasema "Yaa Rabi," naye anaketi anasema "Yaa Rabi." Wateja walicheka. Nikajiona nimelea.

Umri wa shule ukafika, na binti yangu akaja. Alikuwa amehamishiwa zamu ya mchana, amepanga nyumba kwenye ua wenye familia nyingi, na shule iko mbele ya geti. Nilijua kilichomleta nikajiandaa kugombana. Hakunipa nafasi. Alisema, "Mama, aliyemlea ni wewe. Shule ziko mbili, ya kwako na ya kwangu. Chagua. Utakalosema sitalipinga."

Mtu akikupokonya, utalia utamaliza. Akikuachia uchague, hata kilio hujui utakianzia wapi.

Nikasema kwanza tukaone ya kwangu, ile ya mtaa wa nyuma, ambayo kengele yake naisikia nikiwa kwenye beseni la kufulia. Moyoni nilikuwa nimeshachagua. Kila baada ya swala nilikuwa naomba abaki, na dua nikaipamba, nikasema ni kwa heri ya mtoto.

Pale shuleni utaratibu wao ni mtoto mgeni akae darasani asubuhi moja, wazazi wasubiri kwenye benchi la nje. Kabla hajaingia, tukiwa ofisini kwa walimu, mwalimu mkuu, mama mwenye sauti ya taratibu, aliinama akamuuliza nyumbani anaishi na nani.

Mke mwenzangu akafumbata mikono. "Nipo na mke mwenzangu," akasema. "Mume wetu alikufa. Sisi ni wajane."

Walimu walicheka mpaka mmoja akaegemea kabati. Nami nikacheka, machozi yakanitoka. Binti yangu alikuwa anaangalia sakafu. Mtoto akatukazia macho mmoja mmoja. Hakujua kilichotuchekesha ni nini, maana kwake ile ilikuwa habari tu.

Tukakaa kwenye benchi. Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakamiminika kama siafu. Nikamtafuta wangu kwa macho, nikamwona kasimama kando ya ukuta, gauni limenyooka kama nilivyolinyoosha. Msichana wa rika lake akamkimbilia na kamba ya kuruka, akamnyooshea ncha moja. Mke mwenzangu akaipokea. Akavuta na ile nyingine, akaikunja kamba yote vizuri, kunjo juu ya kunjo, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Yule msichana akaitazama kamba yake, akamtazama yeye, akakimbia.

Nikasema labda ni ugeni.

Kwenye bomba alikuwepo mama mfagizi, mtu mzima kama mimi, ameweka ufagio chini anapumzika. Mjukuu wangu akamwendea, akamwamkia, akaketi kando yake na mkono juu ya goti. Sikusikia waliyosema, lakini mdomo wake niliusoma: Yaa Rabi. Yule mama akamwonyesha mguu, naye akatikisa kichwa kwa huruma. Uso wake ukatulia kabisa, kama wa mtu aliyefika kwao. Nyuma yao uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele, na hakugeuka hata mara moja.

Ndipo nikaiona dua yangu bila mapambo. Shule ile haikuwa na ubaya. Ila kila kengele ya jioni ingemrudisha kwenye ndoo, kwenye magoti, kwenye habari za misiba, na mimi ningempokea kwa furaha.

Mwalimu mkuu akasema nafasi ipo, hata kesho tumlete. Nikamshukuru nikamwombea baraka. Njiani mtoto akatueleza kwamba mama mfagizi naye mumewe hayupo.

Tulipofika nyumbani, mtoto alikwenda uani kuosha vikombe. Nikamwambia binti yangu, "Mchukue."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwomba asinirudishe nyuma, nikilisema neno hilo tena nitalisema vingine. Akaanza kunieleza habari za likizo, kwamba atamleta. Nikamwambia, "Ukimleta, mlete amechubuka magoti kwa kucheza." Akainamisha kichwa. Kisha akanong'ona kwamba yeye hataweza kumwambia.

Nikatoka uani mwenyewe. Nikachuchumaa karibu na karai.

"Utasoma kwa mama yako," nikasema. "Kule kuna watoto wengi."

Aliendelea kusugua. Akauliza mashati atayanyunyiza nani. Nikasema mimi. Akauliza kama nami nakwenda. Nikasema hapana, nina nguo za watu. Hapo mkono wake ukasimama ndani ya maji.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mjukuu wangu."

Akainua uso haraka. Tangu aletwe, sikuwahi kumwita hivyo. Alinitazama kama anavyotazamwa mteja mgeni, anayepimwa adabu kabla ya kukaribishwa. Akasuuza kikombe cha mwisho, akakipindua juu ya sinia pamoja na vingine, akafuta mikono kwenye gauni, yeye ambaye hajawahi kufutia mikono kwenye gauni. Akanipita, akampita na mama yake aliyesimama chumba cha mbele, akaipita na ndoo yake bila kuiangalia, akafungua mlango akatoka.