Mwanamke Kwenye Mdomo wa Shimo

Mwanzo ninao: mwanaume anafunga taa kichwani na kutoka nyumbani bila kuaga, kwa sababu amegombana na mke wake. Mwisho ninao pia: jeneza, mvua, padri mwenye haraka. Katikati ndiko kulikonitoa jasho wiki sita. Warsha ya sinema ya Lubumbashi inataka hati nzima Jumatatu, na leo ni Jumamosi.

Ninaandikia kazini, kwenye kibanda cha kuchapa barua za watu, soko la Manika. Mteja akiondoka, nafunga barua yake na kufungua filamu yangu. Majirani wanadhani naandika ushuhuda wa kanisani, nami nawaacha wadhani hivyo. Tangu udongo umfukie Gracien, mume wangu, kule kwenye machimbo ya Mashamba, sina mtu wa kumsomea hata ukurasa mmoja. Upweke huu umenichosha, nasema wazi.

Asubuhi hii alikuja Modeste kuchapisha barua ya kuomba kazi. Yeye ndiye aliyekuwa akimshikia Gracien kamba pale juu ya shimo. Nilimpa kiti na kurasa zangu za katikati, thelathini na nane.

Alisoma akichezesha midomo. Akafika pale mke anapobeba chakula hadi mdomo wa shimo, anakaa, anaita, na sauti ya mume wake inamjibu kutoka chini. Nililia nilipoiandika ile sehemu. Modeste akacheka.

"Mama Wivine, hapa umetia bongo."

"Mimi? Uongo gani?"

"Mwanamuke hafikake ku shimo. Wee unajua. Minerai inakimbiaka."

Nilijua. Nani asiyejua hapa Kolwezi? Wachimbaji wanaamini mwanamke akisogea shimoni, madini yanatoroka. Miaka tisa ya ndoa sikuwahi kuliona shimo la Gracien. Hata siku lilipobomoka walinizuia barabarani, nikasimama na kikwembe cha kumfunika mkononi, kwa kuwa bado walikuwa wanamfukua na hawakutaka mkosi.

Nikapandwa na hasira. "Basi niambie wewe kilichotokea kule chini."

Kicheko kikamkauka. "Mi nilikuwa juu, mama. Alivuta kamba mara mbili, njo kusema eko muzima. Kiisha kamba ikanyamaza. Ya katikati, hata mi sijue." Alizipanga kurasa zangu vizuri mezani. "Na wee, ile siku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Nilitaka kumfukuza. Matanga yote watu waliniuliza habari za shimo. Za kwangu hakuna aliyeuliza.

"Nilikuwa napika."

"Basi andika ile."

Alipoondoka nilizifuta kurasa zote thelathini na nane. Nilielewa kwa nini niling'ang'ania mdomo wa shimo: kwenye zile kurasa nilikuwa naye. Jikoni nilikuwa peke yangu, na ndivyo nilivyo hadi leo.

Mvua ikanyesha, soko likatawanyika. Hakuna mteja aliyekuja tena. Nikaandika: NDANI. JIKONI. MCHANA. Mwanamke anachekecha unga wa bukari. Bado ana hasira za asubuhi, anaongea na sufuria, anamjibu mume ambaye hayupo. Hajui kwamba kamba imeshanyamaza. Anasonga bukari, anaifunika. Kuna vipande viwili vya samaki. Anajitengea kile kikubwa, na kumwekea mume kile kidogo, cha mkia, makusudi, ili ajue kwamba ugomvi haujaisha. Kisha anakaa mlangoni kumsubiri.

Kurasa zilitoka moja baada ya nyingine, kwa mara ya kwanza katika wiki sita. Kwenye ukurasa wa mwisho wa jikoni, jirani akabisha hodi na habari za shimo. Katikati ikawa imekwisha, na mwisho ukaungana nayo bila shida.

Kabla ya kuchapisha nilirudi kwenye kurasa za jikoni nikabadilisha samaki. Nikampa mume kile kikubwa. Niliisoma sehemu hiyo mara mbili, ikanipendeza sana.

Halafu nikakumbuka jinsi Modeste alivyocheka. Nikakiondoa kile kikubwa kwenye sahani yake, nikamrudishia mkia.