Mwali Asiyenenepa

Mwaka ule wa kuhamia kijiji cha ujamaa, Swaumu aliwekwa ndani akiwa na miaka kumi na tisa. Wenzake walikwishatolewa zamani. Yeye pilikapilika za kuhama zilimchelewesha. Sasa mchumba alikuwepo, Isihaka, na desturi ilikuwa ileile: mwali hufichwa, hulishwa akanenepa, ndipo akatolewa kuchezwa.

Somo yake, Bi Mwanaidi, alikuja kila asubuhi kumfundisha mambo ya mume. Aliyasema bila kuficha, akicheka. Swaumu alisikiliza ameinamia sahani, na ugali ukaanza kumkwama kooni. Mwanzoni, somo akijisahau kwa kicheko, alisukuma matonge kwenye tundu la ukuta, kuku wakamalizia. Baadaye akagundua jambo. Njaa ikimshika sawasawa, mwili hunyamaza. Haumwogopi mtu, wala haumtamani mtu. Ule moto uliomjia kila akimkumbuka Isihaka na jembe begani, moto uliomtia haya hata akiwa peke yake, ulizimika. Akaona amepata amani.

Miezi mitatu hakuziona siku zake. Asubuhi ambayo mashangazi wa Isihaka walikuwa njiani kuja kumtazama, Bi Mwanaidi alifunga mlango.

"Mwanangu, nani kaingia humu?"

"Hakuna, somo."

"Siku hazikatiki hivihivi."

Mama yake, Tatu, alikuwa ameketi chini, mikono kichwani. "Mtaje tu. Ni Sadala? Maana hapiti mbali na nyumba hii."

"Sadala!" Bi Mwanaidi akaguna. "Huyo hata mbuzi wake wanamkimbia."

Swaumu alipima maneno yao. Akikubali, posa inavunjika leo hii, hatatolewa wala kutazamwa tena. Lakini Sadala atapigwa bure, na mama hatapata pa kuweka uso. Akisema kweli, watamlisha.

Nje wakasikika wageni. "Hodi wenyewe!"

Swaumu akafungua kanga alizokuwa akijifunika gubigubi. Mbavu zilihesabika.

"Mimba ikae wapi, mama? Sili. Nikila, mwili unarudi. Ukirudi unataka, halafu unaogopa unachokitaka. Siuwezi."

Tatu akaziba mdomo. Bi Mwanaidi akatoka, akarudishia mlango.

"Karibuni, lakini mwali haonekani leo. Anaumwa."

"Anaumwa, au kavimba?" mmoja akauliza, wengine wakacheka.

"Kakonda. Na mwali akikonda, mwenye kosa ni somo yake. Nendeni mkaseme Mwanaidi kashindwa kazi. Nisipowaita, msirudi."

Waliondoka wakinung'unika. Aliporudi alikuwa na bakuli la uji. Akaketi mbele ya Swaumu kama siku zote, maana somo humwangalia mwali mpaka chombo kiwe kitupu.

"Nitakunywa," Swaumu alisema, "usiponitazama."

Bi Mwanaidi akageukia ukutani.

Swaumu alimeza funda moja, akangoja mwili useme. Ukasema. Akameza la pili.