Mbao Sita za Mkunga

Kila siku saa moja kamili asubuhi simu ya Mkunga ililia, na kila siku aliiacha ilie mara tatu kabla ya kuipokea, asije akaonekana alikuwa akiisubiri. Kwa kweli alikuwa akiisubiri. Aliiweka mezani kando ya kikombe cha chai, akaikodolea macho kama zamani alivyoikodolea saa ya ukutani kwenye wodi ya wazazi. Mpigaji alikuwa binti yake wa pekee, mwalimu wa hesabu, na maswali yake yalikuwa matatu yale yale: umeamkaje, umekula, dawa umemeza? Majibu nayo yale yale: mzima, nimekula, nimemeza. Dakika mbili zimekwisha, na siku nzima iliyobaki haina mtu ndani yake.

Asubuhi hiyo simu ililia saa kumi na mbili na nusu. Maji ya chai hayajachemka, meno yake ya bandia bado yako kwenye glasi. Akaidaka kwa mlio wa kwanza.

"Mama, umesikia redio? Kile kimbunga kimegeuza njia, kinakuja huku. Alasiri kitakuwa hapa."

"Eti nini?"

"Jaza maji kila chombo. Toa zile mbao za baba uzipange tayari, uzibe madirisha. Sisi tunakuja saa sita. Haya, nakimbia shuleni kuwarudisha watoto makwao." Simu ikakatika.

Mkunga akabaki ameshika simu, uso umemkunjuka. Wanakuja. Wanakuja kunichukua!

Maana hilo ndilo jambo alilokuwa akilisubiri kwa miaka miwili. Mumewe alipofariki, binti yake alimwambia mbele ya waombolezaji wote, "Mama, njoo ukae na sisi." Naye, kwa machungu na kwa kiburi cha mtu aliyezalisha nusu ya mtaa ule, akajibu kwa sauti ya wodini, "Mimi si kabati la kuhamishwa. Nyumba yangu inanitosha." Wiki ya tatu tu alikuwa amekwisha kujuta. Lakini binti yake alikuwa mtoto msikivu, ole wake. Aliambiwa hapana, akashika hapana. Hakuuliza tena.

Mkunga hakukaa kimya. Alianza kuhama kidogo kidogo, kwa siri. Alipowatembelea alisahau shali. Safari nyingine akasahau sufuria mbili. Sufuria utazisahau vipi? Yeye alizisahau. Kisha mto wake, kisha kiti chake kidogo cha kukalia jikoni, ambacho alidai mguu mmoja unahitaji kutazamwa na mkwe. Kufikia sasa theluthi ya mali yake ilikuwa kwa binti, naye mwenyewe bado yuko kwake anasubiri kuulizwa.

Sasa kimbunga kingemsaidia. Tatizo lilikuwa moja: mbao. Marehemu alikuwa amekata mbao sita nyepesi, moja kwa kila dirisha, kila moja na makomeo yake, akaziandika kwa rangi nyekundu: 1 JIKONI, 2 SEBULENI, akaendelea hivyo mpaka 6 CHUMBANI KWETU. Ukizipachika, nyumba inafungwa kama kopo. Mkwe akiziona tu atasema, "Mama, mbona hapa uko salama," na mchezo utakuwa umeishia hapo.

Basi Mkunga akavaa meno, akazibeba mbao moja moja kutoka stoo mpaka chumbani, akainua godoro, akazilaza tatu upande wa kichwa na tatu upande wa miguu. Akatandika shuka. Kitanda kilikuwa kimetuna. Akakitazama kwa jicho la kazi. Miezi mitano, akakadiria. Si ya kutisha. Na mkwe, kwa adabu zake, asingethubutu kuvuka kizingiti cha chumba cha mama mkwe.

Kisha akafunga mkoba wake: nguo, dawa, picha ya marehemu. Akauweka mlangoni. Akavaa viatu vya kutokea, akaketi, akasubiri.

Saa sita na robo wakafika. Binti yake mbele na begi mgongoni, jingine mkononi. Nyuma yake mkwe, mwoka mikate, mrefu na mpole, amebeba trei nne za chuma zilizojaa mikate, maana tajiri wake alifunga kiwanda akawaambia wachukue kilichookwa. Wakaingia, wakatua mizigo katikati ya sebule, wakapumua.

"Afadhali!" mkwe akasema. "Kwetu bati linapiga makofi tangu asubuhi. Hapa juu kuna zege. Tutalala kama wafalme."

Mkunga akatazama begi moja, akatazama la pili. Akatazama juu kwenye zege, kana kwamba ndiyo kwanza analiona baada ya miaka arobaini.

"Mmekuja… kukaa hapa?"

"Sasa twende wapi, Mama? Si nilikwambia tunakuja?" Mwalimu akauona mkoba mlangoni. "Na huu? Unasafiri?"

"Nguo za kufua hizo."

"Leo? Kimbunga kinakuja, wewe unapeleka nguo kufua?"

"Nilikuwa bado sijaamua," Mkunga akasema, akausukuma mkoba kwa kisigino nyuma ya mlango.

"Mbao ziko wapi? Mbona stoo naona patupu?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likagonga, likarudi. Ataanzia wapi? Kwamba ameificha nyumba nzima chini ya makalio yake ili apewe kitanda kwenye nyumba ya bati?

"Nadhani zimeliwa na mchwa," akasema.

"Zote sita?"

"Walikuwa mchwa wengi."

Mwalimu akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyopasa, lakini mkwe alikuwa tayari amekunja mikono ya shati. "Msijali. Trei ninazo." Akaimwaga mikate mezani, nyumba ikanukia vizuri kama asubuhi ya kiwandani, akatoka nje na nyundo.

Sasa, mwoka mikate ni mwoka mikate. Msumari wa kwanza ukapinda. Wa pili ukaingia kwenye kidole gumba. Trei ya kwanza ilichukua dakika arobaini, ikakaa upande kama kofia ya mlevi. Mvua ikaanza kuanguka kimshazari. Mkunga alisimama dirishani akikata mikate vipande vinene visivyo na sababu, na kila nyundo ilipolia, ililia kifuani kwake.

"Mkwe, ingia ndani, wewe!" akapaza sauti.

"Bado kidogo, Mama!"

"Mkaidi tangu kuzaliwa," akamnung'unikia binti yake. "Mimi ndiye niliyemtoa huyo. Alitanguliza miguu. Mama yake alipiga kelele siku mbili, yeye yumo humo anatafakari."

"Najua, Mama. Ulisema kwenye harusi yetu, ukashika kipaza sauti."

Basi ukaja upepo mmoja, wa kwanza wa kweli. Ulimkuta mkwe juu ya kigoda, ameinua trei ya tatu kwa mikono miwili. Ukaipokonya. Trei ikapita juu ya ukuta wa jirani ikizunguka, ikalia mbali huko, ngwaa! Mkwe akaenda chini na kigoda chake.

Mwalimu akakimbilia mlangoni. Mkunga hakukimbilia mlangoni. Nilimleta duniani kwa miguu, alijiambia, sitamtoa kwa kichwa. Akaingia chumbani, akazamisha mkono chini ya godoro, akavuta. Alipotoka, mkwe alikuwa amesimama tena, matope mpaka masikioni, anacheka kwa aibu.

"Jamani!" Mkunga akasema, ameinua ubao juu. "Namba mbili! Kumbe ulikuwa nyuma ya kabati."

Mkwe akaupachika, makomeo manne, dirisha la sebuleni likafungwa kabla hujahesabu kumi.

"Na nyuma ya kabati hapo hapo," Mwalimu akauliza polepole, "hakuna mwingine?"

"Ngoja nitazame." Akaenda, akarudi. "Ajabu! Namba moja."

"Tazama tena, Mama."

"Namba nne, jamani!"

Kufikia wa tano mkwe alikuwa ameingiza kichwa mlangoni, maji yanamtiririka puani. "Mama, hilo kabati lako lina ghala?"

"Leta mkono, wacha maneno."

Wa sita hakuuleta. Alisimama juu yake chumbani, pembe ya godoro mkononi, akisoma rangi nyekundu: CHUMBANI KWETU. Marehemu aliandika herufi kubwa kwa kila kitu, hata kwenye kopo la sukari. Akaushika, asiuvute. Hakusikia mtu akiingia.

"Mchwa gani hao wanaotandika shuka?" Mwalimu akasema nyuma yake.

Mkunga hakugeuka. Binti yake akapita, akautoa ubao, akabandua kipande cha pamba ya godoro kilichoung'ang'ania, akakitia mfukoni kana kwamba ni ushahidi. Akampelekea mumewe. Dakika moja baadaye chumba kikawa giza, mkwe akawa ndani anakauka, na upepo ukaanza kazi yake rasmi.

Waliketi sebuleni watatu, taa ya betri juu ya rundo la mikate. Nje mtaa ulikuwa unavunjwavunjwa: makopo, matawi, kitu kizito kilichojiburuta barabarani kutoka mwanzo mpaka mwisho. Maji yakaingia chini ya mlango. Mkwe akaziba kwa magunia na taulo. Wakakaa hivyo hata saa kumi, wakisemeshana kwa kupiga kelele.

Mwalimu akautoa mkoba nyuma ya mlango, akaufungua. Akatoa nguo. Dawa. Picha ya baba yake. Akaipangusa, akaiweka mezani wazi kwa wote. Alifanya kama afanyavyo darasani: aliuliza kwa kutazama, akasubiri mwanafunzi ajibu.

"Nilitaka kwenda kwenu," Mkunga akasema.

"Nini?" Upepo ulikuwa umemeza maneno yake.

"Nasema nilidhani mnakuja kunichukua!"

"Sisikii, Mama!" mkwe akasema, mkono sikioni. "Kuchukua nini?"

Alaa! Miaka miwili neno limekataa kutoka mara moja, leo linatakiwa mara tatu. Mkunga akasimama. Akajaza kifua chake, kile kile kilichokuwa kikiwaambia wanawake "sukuma" mpaka wagonjwa wa wodi ya pili nao wanasukuma.

"NIMECHOKA KUKAA PEKE YANGU! NATAKA KUHAMIA KWENU!"

Na upepo ukanyamaza, ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Redio ilikuwa imesema jicho la kimbunga litapita juu ya mji, na kwamba ndani ya jicho kuna utulivu mtupu. Haikusema litapita saa ngapi. Sauti ya Mkunga ikatoka chini ya milango, ikavuka ukuta, ikasikika kwa jirani, na kwa jirani wa jirani.

Upande wa pili wa ukuta mtu akakohoa. "Haya sasa," sauti ikasema. "Na sisi tumesikia."

Mkwe akauma taulo asicheke. Mwalimu hakucheka. Alikuwa na ile pamba mkononi, anaiviringisha.

"Nilikuuliza, Mama. Ukasema wewe si kabati."

"Nilisema."

"Nikaogopa kukuuliza tena. Nikawa nahesabu sufuria tu. Nikasema labda anazeeka, anasahau."

"Mimi nisahau sufuria?" Mkunga akafoka, kisha sauti ikamwishia. Akaketi. Nje hapakuwa na upepo wa kushindana nao, wala mtu wa kumpigia kelele, kwa hiyo safari hii alilisema kwa sauti yake ya kawaida, ndogo, ambayo hata wao walikuwa hawajaisikia siku nyingi.

"Mwanangu, niulize tena. Nitasema ndiyo."