Dakika Tatu za Friji ya Chanjo

Relei ya kwanza, swichi ndogo inayovutwa na umeme, ililia tik, lakini balbu haikuwaka. Ya pili haikulia kabisa. Ya tatu ililia, balbu ikawaka kidogo, ikafifia.

“Bwana Ingénieur, hata hizi vyuma zinakukataa!” Donat alicheka, akipuliza makaa ya imbabura, jiko dogo lililokuwa katikati yetu. Karakana yake ya redio pale mtaani Nengo ilikosa umeme mara kwa mara, kwa hiyo chuma cha kulehemu tulikipasha moto kwenye makaa.

Sikucheka. Kituo cha afya kilikuwa na friji moja tu, na ndani yake chanjo za surua za watoto ambao wangekuja kesho yake. Siku hizo umeme ulikatika na kurudi papo hapo, na mota ya friji ikilazimishwa kuanza kabla ya kupumzika, huungua. Nilikuwa nimemwahidi Cansilde, muuguzi mkuu, kifaa cha kuchelewesha umeme dakika tatu. Shahada yangu ilikuwa mpya bado, nami niliamini kwa moyo wote kwamba hakuna mtoto anayepaswa kuugua kwa kukosa kitu kidogo hivyo.

Nilisugua midomo ya ile relei ya tatu kwa ukanda wa karatasi mpaka weusi ukatoka. Balbu ikawaka vizuri. Zikabaki kapasita, vile vikopo vinavyojaa umeme polepole ndipo relei ivute. Zilitoka kwenye televisheni mbovu za Goma, zikavushwa mpaka wa Petite Barrière chini ya nyanya za mchuuzi mmoja. Moja ilijaa mara moja. Nyingine ilivuja kama ndoo iliyotoboka, haikujaa abadani. Hatimaye nikapata moja: dakika tatu kamili. Nikarudia, tatu tena. Nikakimbia kituoni.

Mimi na Cansilde tulikijaribu kifaa kwa balbu kwanza. Hata dakika mbili hazikufika: tik!

“Mutoto yangu,” Cansilde akasema, “hii inangoja kidogo kuliko bwana yangu akisikia harufu ya ugali.”

Nikarudi kwa Donat. Nikaipima kapasita tena: dakika tatu! Nilitamani kuitupa ziwani. Nikainyakua kwa hasira, na vidole vikashtuka: kapasita ilikuwa ya moto. Kutwa nzima nilikuwa naipimia kando ya imbabura. Kikopo kilichokauka kwa uzee kilikuwa kinapewa nguvu na makaa, na chumba cha friji ni baridi kama jiwe; huko kilijaa upesi.

Nilirudi kituoni, nikamwambia Cansilde ukweli huku machozi yakinilenga.

“Bon,” akasema. “Na kesho mi nitaambia nini bamama?”

Kabla sijajibu, umeme ukakatika. Niliruka, nikachomoa plagi. Umeme ukarudi papo hapo. Cansilde akanyoosha mkono kuichukua plagi aichomeke.

“Ngoja, mama.”

Tulitazama saa ya ukutani. Dakika ya tatu ilipokwisha nikachomeka, na mota ikaanza kunguruma taratibu.

Cansilde akanivutia kiti. “Donc kifaa ni we. Usitoke hapo.”

Nikakaa, plagi karibu na mkono. Kisha nikatuma ujumbe kwa Donat: alete vikopo vyote vilivyobaki, tuvipimie hapahapa, kwenye saruji baridi. Akaja akiwa na mfuko wa vikopo begani na imbabura mkononi.

“Hiyo iache nje,” nikamwambia.

“Na chai, Ingénieur?”

“Nje!”