Hodi ya Chumba cha Kufulia

Sitasaini. Niliamua hivyo nikiwa bado napanda ngazi kwenda kwa mkurugenzi, tena kwa hasira, kabla sijajua nitajitetea vipi.

Barua iliyoningoja ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kwa wiki tatu wafuaji wa hospitali wameitwa mara arobaini na moja kwenye mtandao wa ujumbe na hawakujibu hata mara moja. Kwamba mimi, fundi wa mtandao, nathibitisha. Na kwamba kazi yao wapewe watu wa nje. Wanawake sita. Mkubwa wao hospitali nzima tunamwita Shangazi, ingawa hana ndugu humu ndani, na amekuwa akifua mashuka yetu tangu mimi sijaanza shule.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mtandao ule niliutengeneza mimi, na nikauharibu mimi mwenyewe.

Mwanzoni ulikuwa unafanya kazi kama nyumba za watu. Kompyuta ikiwashwa, inapiga hodi mtandao mzima. Kila iliyo macho inaitikia karibu na kujitaja: maabara, duka la dawa, upasuaji, kufulia. Hakuna aliyehitaji kuandika anwani ya mwenzake. Ilikuwa vizuri hivyo, kwa sababu anwani za mashine zetu si za kudumu; iliyozimwa ikiwashwa tena hupewa yoyote iliyo wazi. Hodi haikujali hayo. Shangazi aliipenda kuliko wote, maana magoti yake yamechoka na ile hodi ilimwokoa kupanda ghorofa tatu kila asubuhi kuuliza nani anataka mashuka.

Ndipo akaja mkurugenzi mpya. Alisema hospitali si soko, na mashine kupigiana hodi hovyo ni utovu wa nidhamu. Alitaka orodha: kila idara na anwani yake moja, imegongwa muhuri, basi. Nilimweleza kwamba anwani zitahama. Akaniuliza kama nimeajiriwa kueleza au kufanya. Nikameza maneno yangu, nikaifunga hodi, nikaandika orodha. Hilo sijajisamehe.

Ofisini nilimkuta mkurugenzi, katibu muhtasi wake, na sista wa upasuaji aliyenuna kwa sababu mara mbili wagonjwa walisubiri mashuka. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake mbichi. Viti vilikuwepo, ila hakuna aliyemkaribisha.

Mkurugenzi akanisogezea barua na kalamu. “Fundi, saini hapo tukafanye kazi.”

Nikamwuliza Shangazi kama mashine yake iliwahi kuwaita. Akasema imekuwa bubu wiki zote hizo. Walisikia mkubwa mpya hapendi hodi, wakadhani ukimya ndio agizo, nao wakaamua kutii. Kila jioni wanaizima kama tangazo la ukutani linavyosema. Wafuaji ndio watu pekee katika jengo hili wanaolitii tangazo lile.

“Mfumo haudanganyi,” mkurugenzi akasema.

Damu ilinichemka. Nikaichukua ile barua niichane mbele yake, na nilipoigeuza nikaona imeandikwa na nyuma pia. Herufi zilikuwa kubwa, zimefifia kidogo: KUTOKA UPASUAJI. KUFULIA, LETENI MASHUKA KUMI NA MBILI. SAA TATU.

Nikamwuliza katibu muhtasi karatasi hii kaitoa wapi. Dada wa watu, bila hila yoyote, akaeleza kwamba printa mpya ya mkurugenzi hutoa karatasi kama hizo yenyewe kila siku. Yeye alidhani inajijaribu. Na kwa vile hapendi kutupa karatasi iliyo safi upande mmoja, huzirudisha tena ndani zitumike.

“Zipo nyingi,” akasema, akafungua droo.

Sista akazichukua, akazipitia moja moja. Ya Jumanne ilikuwa yake, ya Alhamisi yake pia, na ile ya siku mgonjwa wa mguu aliposubiri saa nzima. Alimtazama Shangazi, kisha akainuka na kumpa kiti chake. Shangazi akakaa.

Mkurugenzi alisema hiyo ni hitilafu ndogo ya mashine, haibadilishi lolote, nisaini.

“Mashine haina kosa, Mkurugenzi,” nikamwambia. “Inaita anwani uliyoigonga muhuri. Mashine ya kufulia ilizimwa jioni, asubuhi printa yako ikaiwahi ile anwani. Hawa mama hawakuitwa. Iliyoitwa mara arobaini na moja ni ofisi yako, na haikujibu.”

Akanikata jicho. Akasema asiyesaini aache funguo mezani.

Nikachukua kalamu. Chini ya yale mashuka kumi na mbili nikaandika: Orodha niliiandika mimi kwa amri ya mkurugenzi. Wafuaji hawakuitwa. Hapo ndipo nikasaini. Sista akaomba kalamu, akasaini chini yangu, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni, akasema bodi ya hospitali itaipata kutoka mkononi mwake. Funguo sikuziacha. Nilisema anayezitaka atanikuta chini kwa wafuaji.

Chumba cha kufulia kilikuwa na joto na harufu ya sabuni. Nikakaa mbele ya kompyuta yao, nikaifuta orodha yote na kuirudisha hodi. Sikuomba ruhusa. Mashine ikapiga hodi. Maabara ikaitikia karibu, kisha duka la dawa, kisha upasuaji, na wale wanawake wakaacha beseni zao wakaja kusimama nyuma yangu wakicheka.

Mara ujumbe ukaingia kutoka ofisi ya mkurugenzi: Nani amewasha hii?

Nikanyoosha mkono niandike kwamba ni mimi, maana kibarua kilichokuwa hatarini sasa kilikuwa changu. Shangazi akausogeza mkono wangu pembeni. Alipangusa vidole kwenye aproni, akainama, akaanza kutafuta herufi moja moja.

“Ngoja nimjibu upesi,” akasema. “Asije akasema tena hatujibu.”

Akaandika: SISI. KUFULIA. KARIBU.